Maswali yenu: shingo nyeusi, baka lisilowasha na viganja vya njano

Barua nyingi safari hii zimetoka Mtwara na Lindi, na karibu zote zinaomba dawa ya kupaka. Kwa wengi wenu cha kwanza ni kipimo, siyo dawa ya kupaka.

Shikamoo daktari. Binti yangu wa miaka 15 shingo imekuwa nyeusi, kwapani vilevile. Namsugua kwa dodoki na limao, haitoki. (Mama, Masasi)

Marahaba mama. Acha kumsugua, huo si uchafu, na ndugu zake waache kumcheka kuwa haogi. Weusi mnene wa namna hiyo, laini kama mahameli, mara nyingi hutokea pale insulini, yaani homoni inayoshusha sukari kwenye damu, inaposhindwa kufanya kazi sawasawa. Kongosho huitoa kwa wingi ili kufidia, na wingi huo ndio unaozidisha ukuaji wa ngozi kwenye mikunjo. Unaweza kutangulia kisukari kwa miaka, kwa hiyo mmeuona mapema na bado mna nafasi. Mpeleke apimwe sukari asubuhi kabla hajala. Ikisoma 7.0 (kwa kipimo cha mmol/L) au zaidi siku mbili tofauti, hicho ni kisukari. Ikiwa 5.6 na kuendelea lakini haijafika 7.0, yuko njiani, na kupunguza uzito, soda na maandazi kunaweza kumrudisha. Muulize pia kama hedhi yake inaruka miezi.

Mtu mzima mwembamba akiota weusi huo ghafla huku anakonda, asingoje. Inaweza kuwa saratani ya ndani, hasa ya tumbo.

Mume wangu ana baka lililopauka mgongoni. Haliwashi wala haliumi. Dawa ya mba tumepaka miezi mitatu, halijabadilika. (Liwale)

Hilo la kutowasha wala kuuma ndilo linalonitia wasiwasi, dada. Fanya hivi leo: sokota pamba iwe na ncha nyembamba. Mwonyeshe kwanza akiwa anatazama, umguse mkononi aone inavyokuwa. Kisha afumbe macho. Mguse mara kwenye ngozi nzima, mara katikati ya baka, bila mpangilio, naye kila akihisi aseme "hapo". Akinyamaza unapogusa baka, kesho muwe zahanati, hata kama hana tatizo jingine lolote.

Baka lenye ganzi ni ukoma mpaka ithibitike vinginevyo. Ugonjwa huu unaonekana kwenye ngozi, lakini zinazoharibika ni neva, yaani mishipa ya fahamu. Ndiyo maana mtu hushika sufuria ya moto asihisi, au kandambili inamvuka njiani na hajui. Bado tunao kusini, na unatibika kabisa. Dawa ni bure, miezi 6 au 12 kutegemea wingi wa mabaka. Mkojo utakuwa mwekundu na ngozi inaweza kuwa nyeusi zaidi kwa sababu ya dawa zenyewe, asiziache kwa hilo. Akishaanza dozi haambukizi tena, kwa hiyo mle pamoja na mlale pamoja. Wewe na watoto mkaangaliwe pia.

Mwanangu viganja vimekuwa vya njano msimu huu wa maembe. Ni ini? (Mikindani)

Mtazame macho nje mchana, siyo kwa taa. Sehemu nyeupe ikiwa nyeupe kweli, ni rangi ya maembe na mapapai, itaisha yenyewe. Macho yakiwa ya njano, nenda siku hiyohiyo: inaweza kuwa malaria kali, seli mundu au homa ya ini. Kinyesi kikipauka na mkojo ukawa kahawia, njia ya nyongo huenda imeziba.

Nina miaka 58, nina presha. Nawashwa mwili mzima, upele hakuna. (Kilwa Kivinje)

Kama hakuna mwingine nyumbani anayejikuna usiku, na kupaka mafuta baada ya kuoga hakujasaidia, mzee wangu, tuanze na figo. Presha ya muda mrefu huziharibu kimyakimya, na muwasho huja zikiwa zimechoka sana. Omba kipimo cha damu cha kreatinini (taka ambayo figo huchuja) na cha protini kwenye mkojo, kisha ini, wingi wa damu na tezi ya shingo. Dawa za presha usiache, ila nenda nazo zote, pamoja na za mitishamba.

Mikono yangu ni myeusi na inabanduka tangu nianze kubangua korosho. Nina ugonjwa gani? (Newala)

Mafuta ya ganda ndiyo yanayokuunguza. Vaa glavu, nawa kwa sabuni, na usiguse macho kabla hujanawa. Lakini kama weusi mpya umeingia pia kwenye fizi na makovu, huku unakonda, unatamani chumvi na kizunguzungu kinakushika ukisimama, hilo halitoki kwenye korosho. Tezi zilizo juu ya figo zinaweza kuwa zimeharibika, na huku kwetu kifua kikuu ni sababu mojawapo. Mwambie daktari dalili hizo zote kwa pamoja, usimwonyeshe mikono tu.