Katoni zinatoka lakini hisa inashuka: angalia bodi, usiangalie rafu

Nina duka la jumla Kongowea, Mombasa, sabuni, unga, mafuta ya kupikia, majani chai, na kilichonifanya ninunue hisa mara ya kwanza ni vile nlivyokuwa naona bidhaa za kampuni fulani zinavyotoka (jina silitaji). Lori likishusha asubuhi, kufika alasiri rafu iko tupu na wateja wanauliza kesho italetwa ama la. Nkasema kama mwenyewe naona kwa macho yangu inauza hivi basi nasubiri nini, nkaenda kwa broka nkafungua akaunti ya CDS, ile inayohifadhi hisa zako, na zamu yangu ya chama ilipofika nkaweka laki na themanini zote hapo.

Mwaka na nusu baadaye bei ilikuwa imerudi nusu. Na katoni wallahi zilikuwa zinatoka vilevile, pengine hata zaidi.

Alonifungua macho ni ami yangu, alofanya uhasibu bandarini mpaka akastaafu. Akaniambia, "Mwanangu, niletee ile ripoti ya mwaka walokutumia." Nkampelekea ikiwa bado ndani ya plastiki yake. Hakutazama picha wala barua ya mwenyekiti, alikwenda moja kwa moja kurasa za nyuma kwenye hesabu za pesa inayoingia na inayotoka, akaweka kidole kwenye mstari wa mikopo. Deni lilikuwa limekaribia mara tatu ya mwaka uliotangulia, walikuwa wanajenga kiwanda kipya. Kidole kikashuka mpaka kwenye riba, kisha kikafika pale palipoandikwa kwamba bodi haipendekezi mgao wa faida mwaka huo. Akasema, "Mauzo yamepanda kweli, lakini faida yote imekwenda benki. We ulikuwa unahesabu katoni, wenzio walouza mapema walikuwa wanahesabu hii."

Hapo ndo nlipoelewa. Bidhaa kupendwa na watu ni jambo moja, na kile mwenye hisa atakachobaki nacho mkononi ni jambo lingine kabisa, na hilo la pili linaamuliwa na watu wachache wamekaa kwenye meza ya bodi ya wakurugenzi: wakope ama wasikope, wagawe faida ama waizuie, wanunue kampuni nyingine, wapunguze gharama wapi, na nani ataongeza umiliki.

Chukua EABL, wale watengenezaji wa bia ya Tusker. Oktoba 2022 Diageo, kampuni ya vinywaji ya Uingereza, ambao tayari walikuwa na asilimia 50.03, walitangaza wanataka kufika asilimia 65 na watalipa shilingi 192 kwa kila hisa, wakati huo sokoni ilikuwa chini ya 140. Siku hio hakukuuzwa Tusker zaidi ya ilivyouzwa jana yake, lakini bei ikaruka kwa sababu ya tangazo tu. Zoezi likakamilika Machi 2023, na kufika mwisho wa mwaka huohuo hisa ilikuwa chini ya 120. Ile 192 ilikuwa bei ya mnunuzi mmoja anayetaka kushika usukani zaidi, haikuwa bei ya biashara ya bia, kwa hivyo ofa kama hii ikikufikia tafadhali usikae nayo ukidhani itabaki pale, soma tarehe ya mwisho kisha jiulize huyu akishapata anachotaka nani mwingine atanipa pesa hii.

Kupunguza gharama nako kunadanganya sana, na hapa mfano unaonigusa ni Kraft Heinz ya Marekani, wale wa tomato sosi. Kampuni mbili ziliunganishwa 2015 nyuma yake wakiwa 3G Capital na Berkshire Hathaway ya Warren Buffett, wakaanza kukata kila kona, kila idara bajeti yake inaanza sifuri na lazima itetee kila dola. Mwanzoni hesabu zilipendeza. Lakini jina la chakula linataka kulishwa, matangazo, ladha mpya, na walaji walikuwa washaanza kuhama vyakula vya viwandani. Tarehe 21 Februari 2019 yakatoka yote pamoja: wamefuta dola bilioni 15.4 vitabuni, yaani wamekiri mali zao hazina thamani waliyokuwa wameiandika, ikiwemo thamani ya majina ya Kraft na Oscar Mayer, na mgao wa robo mwaka umetoka senti 62.5 hadi 40. Kesho yake hisa ikapoteza asilimia 27 kwa siku moja. Buffett mwenyewe alikiri hadharani kwamba waliinunua Kraft kwa bei kubwa mno. Kwenye soko la hisa la Nairobi siku za kawaida bei haiwezi kuanguka zaidi ya asilimia 10 kwa siku, lakini hilo lisikupe usingizi, maana yake unaweza kushuka siku tatu mfululizo na kila ukitaka kuuza hupati mnunuzi.

Upanuzi pia. Mumias Sugar iliuzwa kwa umma 2001 kwa shilingi 6.25, baadaye ikaingia kwenye umeme, ethanoli na maji ya chupa huku miwa yenyewe ikizidi kuwa haba. Septemba 2019 benki ya KCB iliyokuwa inaidai ikaiweka chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kukusanya madeni, na hisa wakati huo ilikuwa ya senti. Kuna wakulima waliokuwa na hisa hizo, inaniuma mpaka leo nikifikiria.

Sasa mambo ya tarehe, maana najua wengi wanaumia hapa. BAT Kenya, kampuni ya sigara, kwa mwaka 2023 walitoa mgao wa mwisho wa shilingi 45. Ukinunua siku kadhaa kabla rejesta, yaani daftari la wenye hisa, haijafungwa unaupata, muda huo ukishapita bei kwa kawaida inashuka, na ukiona hivyo usiuze kwa hofu, ni pesa imetoka kwenye hisa inakuja kwenye akaunti yako ikishakatwa kodi asilimia 5. Na lile onyo la faida nalo lipe uzito wake: sheria inaitaka kampuni ilotarajia faida kushuka kwa asilimia 25 au zaidi itangaze mapema. Likitoka tafuta sababu kwanza. Kama ni ukame au kodi mpya huenda ikapita, lakini kama ni deni walilochukua wenyewe hilo litakaa nao miaka.

Zile hisa zangu bado ninazo. Ripoti ya mwisho deni lilikuwa limepungua kidogo na mgao umerudi, senti arobaini kwa hisa, na bei imepanda ila haijafika pale nliponunulia. Sijaongeza hata moja. Nasubiri ripoti ijayo nione mstari wa riba unasemaje, halafu nimpelekee ami na yeye aitazame. Leo asubuhi lori lao limeshusha katoni sitini, saa hizi nnavyoandika zimebaki nane.