Samaki wa kizimbani hana pa kukimbilia

Ngege (tilapia) wa ziwani akikutana na maji mabaya huhama. Wa kizimbani amefungiwa ndani ya nyavu zinazoelea ziwani. Ningependa kila anayetaka kufuga samaki huku Kisumu alitafakari hilo kabla ya kununua nyavu.

Wengi huniuliza bei ya vifaranga. Mimi huwauliza kina cha maji. Ziwa Victoria hufika karibu mita 80 kwenye vilindi vyake, lakini Ghuba ya Winam, upande huu wa Kisumu, ni ya maji mafupi, na kule chini kwenye tope, kinyesi na mabaki ya chakula, oksijeni huwa haba. Upepo ukichafua ziwa, maji yale hupanda juu. Mwishoni mwa 2022 wafugaji wa hapa walipoteza samaki wengi mno kwa kukosa oksijeni. Kwa hivyo usiweke kizimba karibu na ufuo eti ndiyo rahisi kukilinda. Kipeleke penye kina na mkondo, wavu ukae mbali na tope, na usisongamanishe vizimba.

Halafu uwe na mazoea ya kwenda alfajiri. Usiku mwani hautengenezi oksijeni, unaitumia tu, kwa hivyo kabla jua halijachomoza ndipo hali huwa mbaya zaidi. Ngege mwenye afya akiona kivuli chako huzama, kisha hurudi kwa fujo ukirusha chakula. Ukiwakuta wameelea midomo juu, matamvua yanapiga mbio, na hawakushtukii kabisa, usiwape chakula. Kusaga chakula nako kunataka oksijeni. Kipimo cha oksijeni kikisoma chini ya miligramu 3 kwa lita, wako taabani. Angalia kama matundu ya wavu yamezibwa na mwani, au gugumaji limekwama ubavuni, uondoe.

Ukiwashika kuwapima, lowesha mikono kwanza. Ute wao ukibanduka, kuvu huingia.

Linaloniumiza zaidi ni mavuno. Samaki humwagwa ndani ya mashua wakatapatapa mpaka wafe, na watu wanapiga soga. Kuwatia kwenye barafu wakiwa hai si huruma pia, kwa maana ngege huchukua dakika nyingi kupoteza fahamu. Mpige pigo moja thabiti kichwani, juu kidogo ya macho, ndipo umtie kwenye barafu. Najua kazi itachelewa na mnunuzi atalalamika. Ongeza mtu mmoja kwenye mashua, kazi yake iwe hiyo tu.