Meno ya bandia yakianza kupwaya, angalia taya

Nilitolewa meno yangu yote mwaka 2009. Seti ya bandia niliyotengenezewa ilinikaa vizuri, nikarudi kula muhogo wa kuchoma bila wasiwasi, na kwa miaka kama kumi sikuwa na neno nayo. Kisha ya chini yakaanza kucheza. Mwanzo ilikuwa nikipiga chafya tu, halafu nikitamka maneno yenye "s" na "f". Mwishowe hata nikitafuna wali yanainuka na punje zinapenya chini yake. Punje moja ya wali ikinasa kati ya plastiki na ufizi, inauma kama changarawe ndani ya kiatu.

Nikakimbilia gundi ya duka la dawa. Nilianza na tone dogo asubuhi. Baada ya miaka miwili nilikuwa napaka mara tatu kwa siku. Hapo ndipo nilipokosea, na wenzangu wengi nawaona wanakosea hapohapo: tunadhani meno yamelegea. Hayakulegea. Plastiki iko karibu vilevile ilivyotoka kwa fundi. Kilichopungua ni taya.

Daktari alinieleza huku akipitisha kidole juu ya ufizi wangu wa chini. Mfupa wa taya unaishi kwa kazi ya kushika mizizi ya meno. Meno yakitoka, kazi imekwisha, nao unaliwa kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, kama tuta la shamba linavyoshushwa na mvua. Taya la chini hupungua haraka zaidi, kadiri ya mara nne ya la juu. Tena meno ya juu yanasaidiwa na kaakaa, yananata kwa mate na mnyonyo. Ya chini ni kama kiatu cha farasi, na ulimi unayasukuma kutwa nzima. Ndiyo maana karibu kila mtu huanza kulalamikia ya chini.

Dawa yake, kama meno yenyewe bado mazima, ni kutiwa bitana. Daktari anachukua vipimo vipya ukiwa umeyavaa, kisha maabara wanaongeza tabaka jipya upande wa ndani, kama fundi cherehani anavyofanya koti. Mimi nilikaa bila meno siku moja na nusu. Nilipoyavaa tena niliguna, kwa sababu nilikuwa nimesahau meno yaliyokaa yanakuwaje. Yakiwa yamelika sana au yamepasuka, bitana haitoshi, ni seti mpya. Na anayeweza kumudu, vipandikizi viwili tu, yaani skrubu ndogo za chuma zinazopandwa ndani ya mfupa, kwenye taya la chini vinayashika kama vifungo. Ni ghali, lakini ulizia.

Gundi siikatai kabisa, kidogo tu, kwa muda. Lakini ukiona unaongeza kila mwezi, hiyo ni dalili ya kwenda kupimwa. Baadhi ya gundi zina zinki, na ikizidi mwilini kwa muda mrefu inaweza kudhuru neva, mikono na miguu ikafa ganzi. Gundi ya viatu au supa glu usithubutu kuitia mdomoni, na usiyakwangue meno kwa kisu nyumbani. Ukishayakwangua, daktari naye hana pa kuanzia.

Jambo jingine nililolipa gharama: nilikuwa nalala nayo, kwa kumwonea haya mwenzangu. Kaakaa likawa jekundu, kumbe ni fangasi. Sasa usiku yanalala kwenye kikombe cha maji ya kawaida. Maji ya moto yanayapinda, na yakishapinda hayarudi.

Usivumilie kidonda. Meno yanayocheza yanachubua ufizi, na yakichubua palepale kwa miezi, nyama inaota pembeni yake. Kidonda kikipita wiki mbili bila kupona, nenda kikaangaliwe siku hiyohiyo, kwa sababu saratani ya kinywa huweza kuanza kwa sura hiyo ya unyonge.

Na siku ya kwenda kuchukuliwa vipimo, safisha gundi yote. Mimi niliambiwa nikae bila meno siku mbili kabla, ili ufizi uliovimba kwa kusuguliwa urudi mahali pake. Zile siku mbili nilikula uji na ndizi laini, na vipimo vikatoka sawa mara ya kwanza.