Jibu: Kwa nini Weusi na Wazungu wa Marekani husimulia tofauti mwisho wa ubaguzi shuleni

Ndugu, umeuliza kwa nini hukumu ya 1954, ambapo Mahakama ya Juu ya Marekani ilipiga marufuku kuwatenga watoto Weusi na Wazungu katika shule za umma, husimuliwa kwa namna mbili. Tazama kaunti ya Prince Edward, katika jimbo la Virginia. Mwaka 1951 Barbara Johns, binti wa miaka 16, aliongoza mgomo wa wanafunzi Weusi waliorundikwa kwenye vibanda vya karatasi ya lami. Kesi yao ilikuwa miongoni mwa zilizozaa hukumu hiyo.

Mahakama ya rufaa ilipowabana mwaka 1959 waunganishe shule, viongozi Wazungu wa kaunti hiyo walifunga shule zote za umma. Miaka mitano! Watoto wa Kizungu walifunguliwa shule binafsi. Wengi wa Weusi walibaki nyumbani, wengine wakapelekwa kwa jamaa wa mbali. Wazungu wengi waliita hiyo haki ya wenyeji kujiamulia mambo yao. Kwa Weusi ulikuwa wizi wa utoto, na mimi nakubaliana nao kabisa.

Ila Weusi nao hawakuwa na sauti moja kuhusu kuunganishwa kwa shule. Kwingineko Kusini, shule zilipounganishwa, mara nyingi iliyofungwa ni yao, na walimu wao wakapoteza kazi. Uchungu huo Wazungu wachache waliuona.

Mwaka 2004 Virginia ilianzisha ufadhili wa masomo kwa walionyimwa shule enzi hizo, wengi wao wakiwa tayari na wajukuu.