Fort Wainwright, Novemba: Nivae nini?

SWALI: Nimezaliwa Eldoret, sasa ni askari katika jeshi la Marekani. Nahamishiwa Fort Wainwright, Alaska, kuanzia Novemba. Nimeona jaketi nene la dola 600. Ninunue? Na soksi nivae pea ngapi?

JIBU: Hizo dola 600 ziweke kwanza, ndugu. Jaketi utapewa stoo, na huko kinachoponza wageni wengi si uhaba wa nguo, ni jasho. Nguo ikilowa haishiki joto tena, na ukisimama tu baridi inakuingia.

Seti ya jeshi ina tabaka 7. La 1 na la 2 hugusa ngozi, la 3 ni flisi (jaketi laini lenye manyoya), la 4 koti jepesi la kuzuia upepo, la 5 koti gumu kidogo linalopitisha jasho, la 6 la mvua, la 7 ni parka (koti kubwa lenye kofia) nene na suruali yake. Hazivaliwi zote kwa pamoja. Ukitembea na mzigo mgongoni au ukivuta sleji (kitoroli cha kuteleza kwenye theluji) ya hema, mwili wenyewe ni jiko: hata kwenye nyuzi -20 za Selsiasi, tabaka la 1 na la 5 mara nyingi hutosha. Anza safari ukisikia baridi kidogo. Ukianza na raha, baada ya dakika 15 mgongo umelowa.

Mkisimama, vaa la 7 papo hapo, juu ya kila kitu, kabla hujaanza kutetemeka. Limeshonwa kubwa makusudi, hata juu ya vesti ya kuzuia risasi linaingia. Kwa hiyo likae juu kabisa kwenye begi, si chini ya sufuria. La 6 utalihitaji theluji ikiwa majimaji, karibu na nyuzi 0; kwenye baridi kavu linakufungia jasho ndani bure.

Soksi: pea moja nene ya sufu. Pea mbili ndani ya buti linalobana huzuia damu, na vidole huganda upesi kuliko ungevaa moja. Ukishindwa kuchezesha vidole, buti ni dogo. Mabuti meupe ya mpira ni ya kutegemewa, ila jasho halina pa kutokea: badilisha soksi angalau mara mbili kwa siku, pangusa buti ndani, na soksi mbichi zikaushe tumboni chini ya nguo. Kile kivalvu pembeni (kitundu cha kupitishia hewa) kifungwe mkiwa ardhini. Hufunguliwa kabla ya kupanda ndege, la sivyo hewa iliyofungiwa inatanuka na kupasua mpira. Likitoboka, unyevu unaingia kwenye sufu iliyo katikati ya mpira, na buti hilo halifai tena.

Mikono: glavu nyembamba zisivuliwe unaposhika chuma. Petroli ndiyo hatari zaidi. Kwenye -30 haigandi, hivyo ikikumwagikia inakuletea baridi hiyo hiyo, kisha inayeyuka hewani na kuchukua joto lililobaki. Glavu kubwa zifunge kwa kamba shingoni. Zikipeperushwa na upepo, vidole viko hatarini.

Bunduki isiingie hema lenye jiko. Mvuke hutua juu yake na kuwa maji, na ukitoka nayo nje maji hayo yanakuwa barafu ndani ya mtambo.

Ukitaka kununua, nunua soksi za sufu pea 6 na glavu nyembamba pea 2; rangi muulize sajenti wako. Chupi na fulana za pamba ziache nyumbani.