Kifurushi cha bei nafuu cha kuhosti tovuti: nichukue kipi?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni fundi cherehani, nataka tovuti ndogo ya WordPress (ile programu ya kutengenezea tovuti) ya kuonyesha kazi zangu. Picha ni kama 400, na nahitaji anwani tatu za barua pepe. Nimepata vifurushi viwili vya kuhosti, yaani kuiweka tovuti kwenye seva ya kampuni ili ionekane mtandaoni. Cha kwanza ni dola 3 kwa mwezi, kila kitu "bila kikomo", na domeini (jina la tovuti mtandaoni) bure mwaka wa kwanza, ila maandishi madogo ya chini yanasema kuanzia mwaka wa pili ni 10 kwa mwezi. Cha pili ni 6 kwa mwezi na bei haibadiliki, lakini nafasi ni GB 20 tu. Mfuko wangu ni mdogo. Nichukue kipi?

JIBU: Nzuri, dada yangu, na hongera kwa kusoma yale maandishi madogo, maana wengi huyaona siku fedha inapokatwa. Chukua cha pili, ila usilipe kabla hujawauliza maswali nitakayokupa mwishoni.

Tovuti ya biashara haifunguliwi ili ifungwe mwakani, kwa hiyo mimi hupiga hesabu ya miaka mitatu. Cha kwanza: miezi 12 kwa 3 ni 36, halafu miezi 24 kwa 10 ni 240, jumla 276. Cha pili: miezi 36 kwa 6 ni 216. Tofauti ni 60, na domeini ya kawaida ya mwaka mmoja haizibi pengo hilo. Angalia pia kama hiyo 3 ni ya anayelipa mwezi kwa mwezi, au ni ya anayelipia miaka kadhaa kwa mkupuo. Mara nyingi ni ya huyo wa pili.

Sasa hilo neno "bila kikomo". Kwenye seva ya pamoja, mashine moja inabeba tovuti za wateja wengi, pengine mamia. Nafasi ya diski ni rahisi kuigawa kwa sababu wengi hawaijazi. Kinachogombaniwa ni prosesa (ubongo wa mashine) na RAM (kumbukumbu yake ya kufanyia kazi), na huko ndiko kila akaunti inakowekewa mipaka: asilimia fulani ya prosesa, RAM kiasi fulani, na idadi ya maombi ya kufungua kurasa yanayoshughulikiwa kwa wakati mmoja. Ukivuka, ukurasa unakokota miguu, au mgeni wako anakutana na kosa 508 (ujumbe kwamba akaunti imefika kikomo) badala ya gauni ulilolishona. Mipaka hiyo huandikwa kwenye masharti ya matumizi, si kwenye tangazo.

Upo mpaka mwingine ambao watu hawausikii mpaka uwabane: idadi ya faili, ambayo mafundi huiita ainodi. Mteja wangu mmoja mwenye tovuti ya picha alinipigia akilalamika kwamba barua pepe haziingii. Nilipofungua paneli nikakuta diski haijafika hata robo, lakini faili zimegonga kikomo. Kila picha anayoipandisha, WordPress huitengenezea nakala kadhaa za ukubwa tofauti. Plagini yake ya kache, yaani programu-jalizi inayohifadhi nakala za kurasa ili zifunguke haraka, ilikuwa imelundika maelfu ya faili ndogondogo, na kila barua pepe kwenye seva ile ilikuwa faili moja inayojitegemea, zikiwemo taka za miaka minne ambazo hakuna aliyezifuta. Kifurushi chake kilikuwa "bila kikomo". Tulisafisha jioni nzima, na oda zilizotumwa wiki ile hazikupatikana tena.

GB 20 zinakutosha kabisa. Picha 400 za simu, kila moja MB 4, ni GB 1.6, na nakala za WordPress hazitaifikisha hata nusu ya nafasi yako. Ukizipunguza hadi upana wa pikseli 2,000 kabla ya kuzipandisha, mzigo unapungua sana na tovuti inafunguka haraka kwa mteja mwenye bando dogo. Kuhusu data ya kila mwezi: wageni 300 kwa siku, kila mmoja kurasa tatu za MB 2, ni GB 1.8 kwa siku, yaani GB 54 kwa mwezi. Hakikisha kifurushi kinavuka hapo.

VPS (seva pepe ya kwako binafsi) achana nayo kwa sasa. Inakupa kipande chako cha seva, lakini na ulinzi wake na masasisho yake yanakuwa juu yako, na wewe una nguo za kushona. Kama ungekuwa na kurasa tano tu zisizobadilika, bila WordPress, ningekuelekeza kwenye huduma ya bure kama Cloudflare Pages, na fedha yako ingebaki kwa ajili ya domeini na barua pepe.

Cheti cha SSL, kinachofanya mawasiliano kati ya tovuti na mgeni yawe ya siri, usikubali kukilipia kwa tovuti ya aina hii. Let's Encrypt wanatoa vyeti bure tangu 2015, na kampuni makini hukiweka yenyewe na kukihuisha bila wewe kujua.

Kwenye bekapu (nakala za akiba) ndipo naomba unisikilize zaidi. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa. Wapo wateja waliokuwa na bekapu wakapoteza kila kitu, kwa sababu bekapu nazo zilikuwa palepale. Hiyo ilikuwa kampuni kubwa, si ya vichochoroni. Kwa hiyo hata kama kampuni inakuahidi bekapu ya kila siku, wewe mwenyewe mara moja kwa mwezi pakua faili na hifadhidata, uziweke kwenye kompyuta yako au diski ya nje.

Domeini isajili kwa jina lako na barua pepe yako, na ikiwezekana kwa msajili tofauti na anayehosti. Hapo ukichoshwa na huduma unahamisha faili, unabadilisha DNS (maelekezo yanayoonyesha domeini iko kwenye seva gani), na anwani waliyoizoea wateja wako inabaki ileile. Domeini ya bure wakati mwingine ina sharti kwamba ukiondoka mapema unakatwa gharama yake.

Haya, maswali yenyewe. Waandikie usiku au mwishoni mwa wiki, kabla ya kulipa: kikomo cha faili ni ngapi? Maombi mangapi kwa wakati mmoja? Bekapu inachukuliwa kila lini, inakaa wapi, na kuirudisha ni bure? Naweza kuchagua toleo la PHP (lugha inayoendesha WordPress) ambalo bado linapata masasisho ya usalama? Seva iko wapi, maana ikiwa karibu na wateja wako kurasa hufunguka upesi? Wakikujibu kwa namba, ndani ya saa chache, lipia mwaka mmoja. Wakikutumia kiungo cha tangazo lilelile ulilokwisha kulisoma, niandikie tena nikusaidie kutafuta cha tatu.