Leseni ya Zanzibar inatosha kukodi gari Italia?

SWALI: Mimi ni mkaazi wa Wete, nina leseni ya Zanzibar ambayo haijaisha. Nakwenda Italia kwa dada yangu, tunataka kukodi gari tutembee Roma na Firenze. Nimeona mtandaoni wanauza leseni ya kimataifa, unalipa na kutumiwa kwenye simu siku hiyo hiyo. Nilipie?

JIBU: Usilipie, ndugu yangu, pesa zako zitapotea bure. Leseni ya kimataifa si leseni mpya. Ni kijitabu kinachofasiri leseni uliyonayo, kwa mujibu wa mikataba ya Geneva wa 1949 na Vienna wa 1968, na hutolewa na mamlaka ya nchi iliyokupa leseni yako. Iombe hapa hapa kabla ya kupanda ndege. Sheria ya Italia inamtaka dereva mwenye leseni ya nje ya Umoja wa Ulaya awe na kijitabu hicho, au tafsiri rasmi ya Kiitaliano. Chukua kijitabu pamoja na leseni yenyewe: kijitabu bila ya leseni yako halisi hakina kazi.

Lakini wengi hawakwami kwenye leseni, wanakwama kwenye kadi. Kampuni nyingi za kukodisha magari hutaka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe, lile lile lililomo kwenye pasipoti, ili wazuie amana mpaka urudishe gari. Kadi ya dada yako haikusaidii ikiwa mkataba umeandikwa kwa jina lako. Kama yeye anaendesha na leseni yake inakubalika huko, mwache akodi yeye, kisha wewe uandikwe dereva wa pili. Usiposajiliwa ukashika usukani, bima inaweza kukukana.

Omba gari la otomatiki mapema. Sisi tumezoea magari ya Japani, huko ya gia za mkono bado ni mengi. Na usukani uko kushoto, unapita kulia.

Jambo la mwisho ni katikati ya miji ya kale. Roma na Firenze zina maeneo yenye alama ya ZTL, ambayo magari yasiyo na ruhusa hayaingii, na kamera hupiga picha namba ya gari. Faini huja baadaye, na kampuni ya gari hukukata ada yake kwa kuwapa wenye mamlaka jina lako. Ikiwa hoteli yenu imo ndani ya eneo hilo, waulizeni kabla hamjafika kama wanaweza kuisajili namba ya gari. La sivyo egesheni nje mpande basi.